Maabara yasema imetuma, daktari haoni kitu

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Natunza kompyuta za hospitali moja mkoani Tanga. Maabara ina programu yake na madaktari wana mfumo wao, kwa hiyo mwaka jana tuliandikiwa adapta ya HL7 (kanuni ambazo mifumo ya hospitali hutumia kutumiana taarifa), yaani programu ya kati inayopokea majibu ya vipimo na kuyaingiza kwenye mfumo wa madaktari. Siku nyingi inafanya kazi vizuri. Lakini umeme ukikatika, au seva ikielemewa, kuna majibu yanayopotea. Kwenye kompyuta ya maabara yanaonekana "yamepokelewa", wodini hayapo. Mkuu wangu anasema HL7 imepitwa na wakati, tuhamie FHIR, kanuni mpya zaidi za shirika hilohilo. Unanishaurije?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. HL7 ni ya siku nyingi kweli, shirika lake lilianzishwa mwaka 1987, lakini kwa hili haina kosa. Kwa jinsi ulivyoeleza, adapta yenu inajibu "nimepokea" kabla haijahifadhi chochote.

Fungua logi, yaani faili la kumbukumbu za adapta, uangalie ujumbe mmoja. Mstari wa kwanza, MSH, una namba ya ujumbe katika nafasi ya kumi. Anayepokea anatakiwa kurudisha jibu lenye mstari wa MSA wenye namba ileile, pamoja na AA kama mambo yamekwenda sawa, AE kama kuna kosa, au AR kama ameukataa. Maabara ikiona AA inauondoa ujumbe kwenye foleni na haiurudii tena. Sasa adapta ikitoa AA mara tu ujumbe unapofika, wakati bado umeshikiliwa kwenye kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika hapo hakuna tena aliye nao. Na kilichopotea ni kitu kama hiki:

OBX|1|NM|15074-8^Glucose^LN||9.8|mmol/L|3.9-6.1|H|||F

Hiyo ni sukari ya mgonjwa, 9.8, imepanda, jibu la mwisho. Kuna daktari anayeisubiri ili aamue dawa.

Mwambie mwandishi wa adapta abadilishe mpangilio: ujumbe uandikwe kwanza kwenye diski, mzima kama ulivyokuja, ndipo AA itoke. Kuuchambua na kuupeleka kwenye mfumo wa madaktari kufuate baadaye, na mfumo huo ukiwa umezimika, ujumbe ungoje kwenye foleni ya adapta. Mkifanya hivyo mtaona jambo jingine: AA ikipotea njiani, maabara itatuma ujumbe uleule mara ya pili. Adapta iutambue kwa namba ya MSH, ijibu AA, isiingize majibu mara mbili.

Na usiruhusu ikisie mgonjwa kwa jina. Tanga ina akina Mwanaidi Juma wangapi? Itumie namba ya faili iliyo kwenye PID, mstari wa taarifa za mgonjwa, nafasi ya tatu. Namba isipopatikana, majibu yakae pembeni mpaka mtu wa maabara ayaone kwa macho yake. Kizio cha kipimo nacho kisafiri pamoja na tarakimu: hiyo 9.8 kwa mmol/L ni kama 176 kwa mg/dL, na mfumo unaoonyesha namba tupu ni hatari kwa mgonjwa.

Kuhusu FHIR, naipenda, na mkijenga kitu kipya nitawashauri muanze nayo. Ila seva ya FHIR inayojibu "sawa" kabla ya kuhifadhi itapoteza majibu vilevile, na programu ya maabara yenu inazungumza toleo la 2 la HL7, kwa hiyo adapta mtaihitaji tu.

Kabla ya kurudisha kazini, fanyeni jaribio kwenye seva ya majaribio. Adapta ikiwa imewashwa, izuieni isiweze kuandika kwenye diski, kisha tumeni ujumbe wa mgonjwa wa kubuni. AA ikirudi, bado haijapona. Halafu iacheni iandike, tumeni mwingine, na mara AA inapotoka chomoeni waya wa umeme. Ikiwaka, ujumbe uwepo.

Lakini hayo ni ya wiki hii. Leo, kabla hujagusa programu, waombe maabara wakuchapie majibu yote ya siku zilizokatika umeme, na ukae na muuguzi mkuu mlinganishe moja baada ya jingine na yaliyo kwenye mfumo wa madaktari. Anzeni na yenye alama ya H (yamepanda) au L (yameshuka), na kila lililokosekana daktari apigiwe simu saa hiyohiyo.