Taa ya LED ya kujitengenezea: fikiria kupunguza mwanga kabla ya kuuongeza

Taa yangu ya kwanza ilipausha tumbawe ndani ya siku nne. Niliifunga jioni juu ya akwariamu, nikaiwasha yote, nikakaa kuitazama namna maji yalivyometameta. Siku ya nne tumbawe moja lilikuwa jeupe upande wa juu, ule ulioelekea taa, na chini bado lina rangi yake ya kahawia. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo sana ambao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Mwanga ukizidi ghafla, mwani ule huanza kutoa kemikali zinazomdhuru, naye huutema nje. Akibaki hivyo muda mrefu, anakufa kwa njaa.

Ndiyo maana nikiulizwa siku hizi, kitu cha kwanza ninachosema ni kwamba sehemu ya kupunguza mwanga usiiweke kiporo. Ipange mwanzoni kabisa, kwa sababu ndiyo itakayoamua ununue draiva gani, yaani kifaa kinacholisha LED umeme.

LED haitaki kulishwa kwa volti, inataka mkondo usiobadilika. Mimi natumia LED za wati 3, nazilisha miliampia 700. Kila moja hula takriban volti 3.3, kwa hiyo 12 zikifungwa kwa mfuatano zinahitaji kama volti 40, na chanzo cha volti 48 kinatosha. Mstari wa LED za buluu nimeupa draiva yake, na ule wa nyeupe ya kwake. Usigawe draiva moja kwa mistari miwili sambamba: mmoja ukikatika, mkondo wote unahamia kwa mwenzake na kuuunguza. Buluu ninayoizungumzia ni ile ya nanometa 450 hivi, ambayo mwani wa tumbawe huitumia vizuri. Nyeupe ni zaidi kwa ajili ya macho yetu.

Chagua draiva inayopokea mapigo, yaani inayowasha na kuzima LED mara mamia kwa sekunde. Jicho halioni kukatika huko, linaona mwanga hafifu tu, na rangi inabaki ileile kwa sababu kila pigo lina mkondo kamili. Kidhibiti kidogo chenye saa kinatosha kutuma mapigo hayo, ili asubuhi mwanga upande polepole na jioni ushuke vivyo hivyo.

Kwenye kuchomelea, paka risasi kwenye ncha za LED kabla ya kuibandika juu ya bamba la alumini. Ikishabandikwa, alumini inanyonya joto lote na risasi haishiki. Utakuta kidonge kimekaa juu kama tone la nta, ukikivuta kinabanduka. Chini ya kila LED weka grisi ya kupitisha joto, safu nyembamba tu. Kisha pima kwa kipima umeme (multimeter) kama kuna ncha yoyote iliyogusana na alumini. Na kamwe usiunganishe LED huku draiva ina umeme: isipokuwa na mzigo, volti zake hupanda hadi juu kabisa, na LED ikiguswa nazo inakufa papo hapo. Nilipoteza tatu kwa namna hiyo, nami nilikuwa nimeshaonywa.

Baada ya saa moja ya kuwaka, gusa alumini. Kidole kikishindwa kutulia, ongeza feni, maana joto ndilo linalofupisha maisha ya LED.

Kuhusu usalama sitaki mzaha hata kidogo. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Weka kikata umeme kinachohisi mvujo, acha waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda ili tone lidondoke sakafuni, na funga taa kwa minyororo miwili inayojitegemea.

Sasa rudi kwenye kile kidhibiti. Mimi huanza na asilimia 20 ya mwanga wote, taa ikiwa sentimita 25 juu ya maji, na naongeza asilimia 5 kwa wiki. Natazama kila asubuhi: tumbawe likikunja mikono yake au rangi ikianza kufifia, narudi hatua moja na kusubiri. Lile lililopauka upande mmoja nililishusha chini kwenye kivuli cha jiwe. Rangi ya kahawia ilichukua miezi kadhaa kurudi, ikianzia kwenye kingo.