Kabla hujaisifu grafu yako, uliza damu ilikaa wapi

Wadogo zangu mnaoingia maabara hapa Kampala, mwaka wangu wa kwanza nilidhani nimeokota dhahabu. Nilikuwa napima RNA ndefu zisizotengeneza protini (RNA ni nakala za maagizo ya jeni; hizi hazigeuzwi kuwa protini) kwenye damu ya wagonjwa wa kansa na ya watu wenye afya. Moja ikayatenga makundi mawili waziwazi. Mkuu wa maabara hata hakutabasamu. “Damu ya wagonjwa ilifika saa ngapi?”

Ilitoka wilayani, ikashinda kwenye kisanduku nyuma ya boda. Ya wenye afya tuliwatoa wanafunzi wenzetu na kuizungusha kwenye mashine ya kutenganisha seli na plazma (majimaji ya damu) papo hapo. Seli za damu zikikaa muda mrefu hupasuka na kumwaga RNA zake kwenye plazma. Kumbe nilikuwa napima safari ya boda! Niliporudia kwa damu zilizokaa muda uleule, tofauti ikayeyuka.

Kwa hiyo andika saa ya kutoa damu na saa ya kuizungusha. Plazma ikiwa na wekundu, dalili kwamba seli zimepasuka, iweke kando hata kama mgonjwa ni adimu. Tumia chupa zenye EDTA ya kuzuia damu isigande, kwani heparini, dawa nyingine ya kazi hiyo, huzuia PCR, yaani kipimo kinachozidisha nakala za jeni. Wanaolinganishwa wakaribiane umri na hali ya VVU, na sampuli zao zipimwe siku moja, chupa za makundi mawili zikipangwa kwa kuchanganyika. Gawanya plazma kwenye vichupa vidogo; umeme wetu mnaujua, ukikatika sampuli huyeyuka.

Jambo la pili huwachanganya hata wakubwa: kugundua kansa si sawa na kutabiri mwenendo wake. HOTAIR, mojawapo ya RNA hizi ndefu, ilivuma mwaka 2010 kwa sababu wingi wake kwenye uvimbe wa titi uliashiria kusambaa na kifo. Hiyo haimwambii mama anayejiona ana afya kama ana kansa. PCA3, RNA ndefu ya kansa ya tezi dume, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, hupimwa kwenye mkojo, na swali lake ni jembamba: mwanaume ambaye kinyama chake cha kwanza, kilichokatwa kwenye tezi ili kipimwe, hakikuonyesha kansa, akatwe tena? Nadhani wembamba huo ndio uliiokoa. Tena haisomwi peke yake, hulinganishwa na RNA ya PSA, protini ya tezi dume.

Anayetafuta mada aitazame kansa ya Kaposi, tunayoiona sana hapa. Kirusi chake kina RNA ndefu yake mwenyewe, PAN, ambayo hufurika kirusi kinapozaliana. Ila kiwango cha mpaka kati ya mgonjwa na mwenye afya kipange kabla ya kuona matokeo, kisha kijaribu kwa wagonjwa wa hospitali nyingine.