Muulize Fundi: Pancha la gari la umeme

Assalaam aleikum fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Bamburi, na nina Nissan Leaf niliyoagiza kutoka Japani. Juzi magharibi nikitoka Miritini, kufika Changamwe tairi la mbele likalala. Kufungua buti sikuona spea, ila kijipampu na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Fundi wa kwanza alipoona gari linawaka bila mlio akarudi nyuma: "Mama, hii sishiki, itanirusha." Wa pili akaja na jeki ya magurudumu, akaanza kuisukuma katikati ya gari. Nikapiga kelele, akaacha. Mwisho nikatia ile dawa, nikajaza upepo, nikajikokota hadi nyumbani. Sasa je, ni lazima nilipeleke kwa wakala wa Nissan? Na tairi jipya lazima liwe la magari ya umeme?

Mwalimu, waaleikum salaam. Kelele zako zimekuokolea pesa nyingi. Tumbo la Leaf lote ni betri, imelala chini ya sakafu. Niliwahi kuletewa moja ya teksi iliyoinuliwa hivyo hivyo, na chini kulikuwa na bonde kama bakuli la mchuzi. Mwenyewe akaniambia, "Mbona pancha lilizibwa vizuri?" Lilizibwa, ndiyo.

Jeki ina mahali pake. Piga goti, pitisha kidole chini ya kizingiti cha mlango. Nyuma kidogo ya tairi la mbele utagusa vipengo viwili kwenye ukingo wa bati, na mbele ya tairi la nyuma vipo vingine. Jeki hukaa baina ya vipengo hivyo. Vipake rangi nyeupe, ili hata usiku umwonyeshe fundi kwa tochi ya simu. Zima gari kabisa, funga breki ya kuegesha, weka mawe nyuma ya tairi zilizobaki.

Huyo wa kwanza simlaumu. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilivaa glavu za mpira, wanangu wa gereji wakanicheka hadi adhuhuri. Umeme mkali hupita kwenye nyaya nene za rangi ya chungwa, na mziba pancha hana safari nazo. Kwenye gurudumu ni nati tano, spana namba 21, ile ile anayofungulia Probox. Kwa hiyo hapana, huhitaji wakala. Fundi yeyote wa pancha wa Kongowea au Mwembe Tayari anatosha, mradi usimame karibu naye mpaka jeki ikae.

Ila mwambie mapema kwamba ulitia dawa. Akilitoa tairi bila kujua, litammwagikia kama maziwa ya mgando. Aoshe ndani kwa maji, akaushe, kisha abandike kiraka kwa ndani. Ule utambi wa mpira unaochomekwa kutoka nje ni wa kukufikisha nyumbani tu. Gari hili ni zito, kama kilo 1,500, wakati Vitz ni kama 1,000. Tundu likiwa ubavuni, usizibe, nunua tairi. Na chupa mpya ukiinunua, soma tarehe yake, maana dawa hiyo huisha muda.

Kuhusu tairi jipya: maneno ya "umeme" ubavuni si lazima. Lazima ni namba. Leaf nyingi huvaa 205/55 R16, na mbele ya hapo utaona namba kama 91, maana yake kila tairi limeruhusiwa kubeba kilo 615. Likiandikwa 94 ni kilo 670. Angalia lililotoka na gari, usishuke chini yake hata muuzaji akikuapia. Tazama pia zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1523 ni wiki ya 15 ya mwaka 2023. Nunua mawili, ya mbele yote, kwa sababu mota inazungusha magurudumu ya mbele na huko ndiko yanakoliwa.

Upepo nao unawachanganya wengi. Stika ya mlango wa dereva imeandikwa 250. Hiyo ni kilopaskali, na kwenye geji zetu za psi ni 36. Wa pancha atakuuliza "thelathini?" kwa mazoea. Mwambie thelathini na sita, la sivyo tairi litalika kingo na chaji itakuishia kabla hujavuka daraja la Nyali.

Spea ukitaka, tafuta rimu ya matundu matano, yenye duara la matundu la milimita 114.3. Ya Vitz ina manne, haikai.

Fundi, Leaf yangu ikizimika, naweza kuivuta kwa kamba? – Dereva, Likoni

Hapana, bwana. Magurudumu ya mbele yameshikana na mota wakati wote. Yakizungushwa nayo inazunguka, inazalisha umeme bila mtu kuutaka, na inaweza kuharibika. Ukimpigia wa brekdauni muulize kabla hajatoka kama anabeba gari zima mgongoni. Akiwa na ile ya kunyanyua upande mmoja tu, anyanyue mbele.