Sheha amenikataza kuchoma konde, nifanyeje?

Wa alaykumu salaam ndugu yangu. Unasema umefyeka konde la marehemu baba huko Micheweni, Pemba, sheha (kiongozi wa serikali hapo mtaani) kakuzuia usitie moto, na wewe unaona unaonewa kwa kuwa wazee walichoma miaka yote.

Hakuonei. Kaskazi hii, msimu wa joto na ukavu, imekausha kila kitu, na ardhi yenu ya mawe haitabiriki: moto unaingia kwenye mianya ya mawe, unakula mizizi kimyakimya, wewe ukishaondoka ndipo unaibukia kwa jirani. Na jirani ana mikarafuu. Majani ya mkarafuu yana mafuta, yakishika moto hushiki ndoo ukawahi. Mkarafuu mpya unachukua miaka 6 au zaidi kuanza kuzaa. Utamlipa nini mtu huyo? Hapo hatujautaja Msitu wa Ngezi, msitu wa asili wa hapo Pemba, ambao ukiungua haupandwi ukarudi.

Kwa hiyo usichome sasa. Vijiti vikubwa toa kuni, majani yatandaze kwenye migomba na muhogo. Yataoza masika yakiingia na udongo utashika maji. Mimi hivi ndivyo nifanyavyo, na magugu yamepungua.

Kama kuna miba isiyooza, rudi kwa sheha kwa adabu, muombe akuelekeze kwa watu wa misitu wa wilaya. Wakikuruhusu, safisha ukanda mpana pembeni ubaki udongo mtupu, waarifu majirani, choma alfajiri upepo haujaamka, rundo dogodogo, maji karibu. Kesho yake urudi upapase majivu.