Kuhamia Lushoto baada ya kustaafu: kiwanja changu cha kwanza kilikuwa bondeni

Mkuu mleta mada, umesema unastaafu mwakani, joto la Dar limekuchosha, shemeji magoti yanamsumbua, na dalali amekuonyesha kiwanja "cha tambarare, karibu na kijito" nje kidogo ya mji wa Lushoto. Unauliza kama kunafaa kuishi. Niko huku tangu 2014. Mke wangu ni Msambaa wa upande wa Soni, mimi mwenyewe mtoto wa Ilala. Kunafaa sana. Ila hilo neno "tambarare" ndilo limenifanya niache shughuli zangu nikuandikie.

Basi likitoka Mombo, mji wa chini ya mlima, watu wamefungua madirisha yote na jasho linawatiririka. Ukishamaliza kilomita 33 za kona unashuka Lushoto, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila mtu anapekua begi kutafuta sweta. Wajerumani walilijua hilo zamani, wakapaita Wilhelmsthal na kupanda huku kulikimbia joto la pwani. Mbu wapo, lakini malaria si ile ya Mombo. Feni niliyokuja nayo kutoka Dar haijawahi kutoka kwenye boksi.

Sasa hilo bonde. Mimi nami nikiona ardhi iliyonyooka moyo unatulia, si unajua watu wa Dar. Nikanunua, nikainua vyumba viwili. Baba mkwe alipokuja kutazama alizunguka mara moja, akasema, "Hapa pa kabichi, baba, si pa watu." Nikachukulia ni maneno ya wazee. Ilipofika Julai nikaelewa. Usiku hewa ya baridi inateremka mlimani kama maji na kujaa bondeni. Ukungu ulikuwa unalala mlangoni kwangu mpaka saa tatu, siku nyingine saa nne, wakati majirani wa mgongoni mwa kilima wameshaanika nguo. Plasta ilikaa mbichi wiki na wiki. Viatu vya kabatini vikaota ukungu wa kijani. Kiswahili kimetoa neno moja kwa vitu vyote viwili, na ukikaa bondeni hutauliza kwa nini. Mama mkwe alikuja kututembelea, na siku ya pili magoti yalikuwa yamemkaza hata kusimama shida. Mfikirie shemeji hapo.

Kisha hicho kijito anachokisifia dalali: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nenda na futi kamba kabla ya kutoa hata shilingi.

Leo pale kwangu ni shamba la karoti na kabichi, na udongo wake hauna mfano. Nyumba nimejenga upya, begani mwa kilima. Zungukeni siku mbili tu mtazame wenyeji nyumba zao zimekaa wapi na mboga zao ziko wapi, mtaona sijawaambia jipya. Wasambaa wa zamani walipenda kuweka vijiji karibu na ukingo wa mlima ili walime juu kwenye mvua na chini nyikani pia, huku kukikauka wale kule. Mtae hadi leo iko ukingoni kabisa. Ukisimama Irente, ukingo wa mlima karibu na mji wa Lushoto, unaona Mazinde na mkonge wake chini ya miguu yako, na jua la jioni unalipata lote. Upepo nao unaupata wote, kwa hiyo bati ligongelewe sawasawa.

Kilimani gharama iko kwenye kukata kiwanja. Ukichimba mteremko upate jukwaa la kujengea, udongo wa nyuma unabaki umesimama wima ukisubiri masika. Jenga ukuta wa mawe wa kuuzuia, uache matundu ya kutolea maji, na uchimbe mtaro juu ya ukuta ili maji ya mvua yapite pembeni. Fundi wangu wa kwanza aliniambia matundu ni mapambo. Aprili ukuta ukalala chini, ukatuachia tope mpaka dirishani. Barabara za udongo nazo mwezi huo lori halipandi. Mchanga unamwagwa kwenye lami, vijana wanabeba kichwani, nawe unalipa mara mbili.

Jambo ambalo dalali hatakuambia: Usambara haina hali ya hewa moja. Pepo zenye unyevu zinatoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo miteremko inayoitazama bahari inalowa na ile ya upande wa nyika ya Mkomazi inabaki mikavu. Bumbuli kuna chai, na chai haikubali pakavu. Ukipanda kuelekea msitu wa Magamba, mita 2,000 na ushee, huko moto wa kuni jioni si anasa. Kwa magoti ya shemeji mimi nisingepanda juu zaidi ya mji, na ningetafuta kiwanja kinachotazama mashariki kipate jua la asubuhi.

Msinunue kwa ziara ya Januari. Pangeni chumba wiki mbili mwezi wa Julai, mrudi tena Aprili. Na kile kiwanja cha dalali nenda ukakisimamie saa moja asubuhi. Kama huioni nyumba ya jirani kwa ukungu, mwambie bei ya shamba la kabichi unaijua.