Umenunua spika ngumu kusukuma? Soma hii kabla hujanunua amplifaya

Juzi usiku nimepata meseji ya msomaji, fupi tu: "Kaka, nimepata zile spika nilizozitamani miaka yote, ila nikiziunga na ampu yangu besi haina uzito na nikiongeza sauti zinakwaruza. Spika ni mbovu au ninunue ampu ya wati nyingi?" Nimeisoma mara mbili nikaweka simu chini. Meseji hiyo ningeweza kuiandika mimi mwenyewe neno kwa neno miaka sita iliyopita, na niliyemuuliza wakati ule alinijibu vibaya, na jibu lake liliniunguzia twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu.

Nianze na yangu ndo utaelewa.

Spika zangu ni zile ndefu za kusimama sakafuni, boksi limezibwa kote halina tundu la hewa, wufa, yani vispika vikubwa vya besi, mbili kila upande. Karatasi ilisema omu 4 (ukinzani wa spika, namba ikiwa ndogo inanyonya mkondo mwingi zaidi), desibeli 84 (sauti inayotoka kwa umeme kidogo wa kipimo). Nilikuwa nimezisubiri muda mrefu sana na nilivyozifungua nilikaa nazo chini nikazitazama tu kabla hata ya kuunga waya. Sasa ampu. Aliyeniuzia, mtu mzima ambaye ana miaka kwenye kazi hiyo, akaniambia hii hapa wati 100 kila upande, spika zako zinataka wati 100, imeisha hiyo. Nikamuuliza hiyo omu 4 haina tatizo? Akasema wati ni wati bwana, hayo mambo ya omu yanawachanganya watu bure. Nikamwamini, nani asingemwamini.

Wiki za mwanzo kwa sauti ya chini zilikuwa tamu. Nikadhani ndo nimefika. Alafu jioni moja nikaweka rekodi ya gitaa la besi na ngoma, nikapandisha sauti kidogo zaidi ya kawaida, sio kwa fujo, na kila ngoma kubwa inapopigwa sauti ya mwimbaji inakuwa kama inaminywa, kali, inauma sikio. Nikagusa kifuniko cha ampu, cha moto mpaka nikaondoa mkono. Dakika kama kumi baadaye nikasikia harufu, ile harufu ya vanishi inayoungua, kama umewahi kuisikia huisahau, na upande wa kushoto ukawa mzito ghafla, hauna ule uangavu wa juu.

Niliifungua ile twita mwenyewe. Koili yake ni uzi mwembamba kama unywele umezungushwa kwenye kibomba kidogo, na ule uzi uliotakiwa kung'aa kama shaba mpya ulikuwa umekuwa kahawia iliyokolea, sehemu moja mweusi kabisa, gundi imevimba na kuachia. Nikaweka mita, hakuna kitu, koili imekatika. Nikarudi kwa yule bwana nayo mkononi. Akaitazama akasema, "Umezidisha sauti," akaendelea na mteja mwingine. Mpaka leo hilo neno linanichoma, kwa sababu sikuzidisha. Sauti ya juu kabisa iliyotoka usiku ule ilikuwa chini ya ile ambayo spika zinaweza kubeba. Kilichoniunguzia twita ni ampu iliyoishiwa nguvu.

Na hili watu wengi wanalikataa, kwamba ampu ndogo ndo inaua spika kuliko kubwa. Iko hivi. Ampu ikifika mwisho wa uwezo wake haiwezi kupanda tena, kwahiyo kichwa cha wimbi la umeme linaloenda kwenye spika kinakatwa, kinakuwa bapa. Wimbi lililokatwa kichwa linabeba nguvu nyingi za masafa ya juu ambazo kwenye muziki hazikuwepo, na nguvu ya wastani nayo inapanda, na vyote hivyo vinakimbilia kwenye twita ambayo kwenye muziki wa kawaida inapata wati chache tu. Inapikwa pole pole wewe umekaa kwenye kiti unasikiliza.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma kwa hasira. Nikatafuta vipimo vya spika zangu, ule mchoro wa omu dhidi ya masafa, na nikakuta ile "omu 4" ni namba ya wastani tu. Kwenye besi, kama hertz 90, mstari unashuka mpaka omu 2.2. Tufanye hesabu maana hesabu ndo iliyonifungua macho. Ampu ikitoa volti 25 kwenye spika ya omu 8 inatoa mkondo wa ampea 3 na kidogo. Volti hizo hizo kwenye omu 2.2 zinataka ampea 11 na zaidi. Sauti imebaki pale pale lakini ampu inadaiwa mkondo mara tatu na nusu. Na kama mkondo na volti vimepishana, yani spika inadai mkondo wakati volti iko chini, transista za ampu zinabeba joto ambalo namba ya omu peke yake haikuonyeshi. Spika mbili zenye omu 4 kwenye karatasi zinaweza kuwa moja rahisi na nyingine muuaji.

Kuna jambo jingine kwenye zile desibeli. Kipimo hicho kwa kawaida kinachukuliwa kwa volti 2.83, umbali wa mita 1. Kwenye omu 8 hiyo ni wati 1, lakini kwenye omu 4 ni wati 2, kwahiyo desibeli 84 za spika yangu kwa wati 1 ya kweli ni 81. Na kila ukitaka desibeli 3 zaidi unadabo wati. Ukitaka 10 zaidi unazidisha mara kumi. Hapo ndo unaona kwanini kutoka ampu ya wati 80 kwenda ya wati 100 ni kupoteza muda, tofauti yake haifiki hata desibeli 1.

Spika ngumu ziko za aina mbili na usizichanganye. LS3/5A, ile ndogo iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970, desibeli zake ni kama 82 au 83, chini sana, lakini toleo la mwanzo lina omu 15, kwahiyo inataka volti na mkondo kidogo tu, ampu ya kistaarabu inaiweza. Upande wa pili weka Apogee Scintilla ya miaka ya 1980, spika ya utepe, iliyokuwa na omu 1. Omu moja! Ampu nyingi zilijizima zenyewe. Ndo enzi zile Krell, kampuni ya ampu, wakajipatia jina, KSA-50 yao ilikuwa ya wati 50 tu kwa omu 8 lakini ukishuka omu 4 inadabo, na mtu aliyesoma wati peke yake angeipita akachukua kitu cha wati 150 kinacholia kwa kilio.

Kosa la pili nililifanya mwenyewe, hakuna aliyenishauri. Nikaazima ampu mbili za namna moja nikaziweka kwenye bridji, yani pande mbili za ampu moja zinasukuma spika moja kwa pamoja, kila spika na ampu yake, kwa kuwa karatasi ilisema bridji inatoa wati mara tatu. Haikudumu dakika tano. Taa nyekundu, ulinzi umejizima. Ukiweka bridji kila nusu ya ampu inaona nusu ya omu za spika, kwahiyo omu 4 zangu zilikuwa 2 na zile 2.2 zikawa 1.1. Kama spika zako ni omu 4 achana na bridji, usijaribu hata kwa sauti ya chini.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja tunayesikiliza naye muziki, alikuja na ampu yake tumeibeba wawili, kilo 28, ndani yake transfoma ya duara kubwa kama sahani ya kulia. Tukaweka rekodi ile ile, sauti ile ile. Gitaa la besi likasimama. Nikasikia kidole kinaachia uzi, alafu kimya, alafu noti inayofuata, kumbe zamani zilikuwa zinaungana kama uji. Mzee hakusema kitu, alinitazama tu akatabasamu. Mimi nilinyamaza nyimbo tatu nzima.

Sasa wewe unayetafuta. Namba ya kwanza ya kuuliza ni wati kwa omu 4 na kwa omu 2, sio kwa omu 8. Ampu ya 100 kwa 8 inayotoa 190 au 200 kwa 4 ina umeme wa kutosha ndani, inayotoa 120 imeishiwa, na ile ambayo kitabu chake kimekaa kimya kuhusu omu 4 jibu lake ni huo ukimya. Wati ziwe za mfululizo, chaneli zote zinafanya kazi, masafa yote kutoka hertz 20 mpaka 20,000. Marekani walilazimika kuweka sheria kupitia FTC, tume yao ya biashara, mwaka 1974 kwa sababu matangazo yalikuwa yanatia namba za uongo, na mpaka leo risiva nyingi za sinema zinataja wati zilizopimwa chaneli mbili tu zikiwa zinalia. Ukiona PMPO, ile namba ya wati iliyokuzwa kwa ajili ya matangazo, ondoka.

Uzito ni ishara nzuri kwa ampu za transfoma, za Klasi D, zile zinazowasha na kuzima umeme kwa kasi sana, usizipime kwa mzani, zingine nyepesi kabisa na omu 2 zinaimeza bila shida, uliza kipimo chake tu. Za valvu, zile za taa za kioo, zina matundu yake ya kuunga spika za omu 4 na 8, lakini nyingi zinabadilisha rangi ya sauti kufuata ule mchoro wa spika, mimi kwa spika kama zangu sipeleki huko. Waya ziwe fupi na nene. Na tafadhali sana, iazime kwanza ukasikilize kwenye chumba chako, weka muziki wa besi, acha saa nzima, gusa kifuniko. Anayekataa kukuazima na wala hataki kukuonyesha vipimo usimpe hela yako, haijalishi amekaa kwenye kazi hiyo miaka mingapi. Nawasihi, msikubali kuambiwa wati ni wati.

Kaka uliyeniandikia, spika zako ni nzima, nina uhakika mkubwa. Shusha sauti kuanzia leo usije ukazipoteza twita, alafu nitumie picha ya nyuma ya ampu na jina kamili la spika, nitakutafutia ule mchoro wa omu tuutazame pamoja kabla hujalipa chochote.