Maswali na Majibu: Kopo Lirudisheni Kabatini, Tunapika Tsokolate

Tangu niandike kuhusu tsokolate, chokoleti ya moto ya Wafilipino, barua hazijakatika. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Wageni wajue hili tu: tablea ni kidonge cha kakao iliyokaangwa na kusagwa, mafuta yake yote yakiwa ndani, batirol ni mti wa kuipekechea, na tsokolatera ni chombo kirefu chembamba cha kuipikia.

Dada, tablea sina. Nikitumia unga wa kakao wa kopo si ni kilekile? (Msomaji wa Tabata, na wengine wengi)

Si kilekile. Swali hili nimelijibu mara nyingi kwa mkato na linarudi, kwa hiyo leo nalijibu lote.

Punje ya kakao, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mwaka 1828 Van Houten wa Uholanzi alipata hataza ya kuyakamua mafuta hayo kwa mtambo. Kinachobaki baada ya kukamua husagwa, na huo ndio unga wa kopo. Mkulima wa alizeti anakijua kitu hicho kwa jina lake: mashudu. Sasa mche wa kakao ulifika Ufilipino kutoka Mexico yapata mwaka 1670, kwa merikebu zilizokuwa zikitoka Acapulco kwenda Manila. Watu wa kule walikwisha kunywa tsokolate kwa zaidi ya miaka mia moja kabla mashudu hayajaingia kwenye kopo. Mapishi yake yote, ule uzito, lile povu, ule utelezi mdomoni, yanategemea mafuta. Ukiyaondoa umebaki na maji ya kahawia.

Na ukiwa dukani, geuza kopo usome nyuma. Mengi yaliyoandikwa "chokoleti ya kunywa" yana sukari kama kitu cha kwanza kwenye orodha, maana yake sukari ndiyo nyingi kuliko vyote. Mama unayempa mtoto kopo hilo asubuhi na jioni ukidhani unamlisha kakao, unamlisha sukari.

Niko Dubai. Tablea naipata wapi?

Nenda Satwa au Karama, ingia duka la Kifilipino. Chukua pakiti iliyoandikwa kakao peke yake, au kakao na sukari. Ukiona mafuta ya mboga au unga wa kuongezea, irudishe rafuni.

Shikamoo shangazi. Mimi ni wa Kyela. Nyumbani tunalima kakao, lakini chokoleti nimeinywa mara moja tu, hotelini Mbeya. Hiyo tablea naweza kuitengeneza kwa kakao yetu?

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Unaweza, na karibu kila kifaa unachohitaji kimo jikoni kwa mama yako.

Kwa kuanzia, jua kwamba Ufilipino tablea haikuzaliwa kiwandani. Davao wana mashamba makubwa, na sheria ya mwaka 2021 imeutangaza mji huo kuwa makao makuu ya chokoleti ya nchi, na mkoa wake kuwa makao makuu ya kakao, lakini Batangas na Bohol utakuta familia yenye miti michache uani inajisagia tablea yake ya mwaka. Hawasubiri mtu.

Chukua kilo moja ya kakao iliyovundikwa vizuri na kukauka. Nasema iliyovundikwa vizuri kwa sababu kakao iliyoharakishwa ina ukakasi ambao sukari haiuondoi. Chambua: punje bapa, zilizoota ukungu na zilizotobolewa na wadudu, tupa. Usitumie kakao iliyoanikwa kandokando ya lami. Hii unaimeza yote, huichuji kama kahawa, na chochote ilichonyonya barabarani utakinywa.

Bandika karai zito kwenye moto mdogo, mimina kakao, geuza bila kuacha kwa muda wa kama nusu saa. Pua itakuongoza. Mwanzo utasikia ukali kama wa siki, macho yanawasha kidogo. Kisha ule ukali unaondoka, inakuja harufu ya mkate unaotoka tanurini. Baadaye punje zinaanza kualika mojamoja. Toa moja, iminye: ganda likivunjika na kuachia bila kung'ang'ania, ipua. Kakao ikiungua haina dawa, kwa hiyo bora uitoe mapema kuliko kuchelewa.

Menya ingali na joto, halafu peta. Wafilipino nao wana ungo wao, wanauita bilao, na mpeto wa mikono ni huuhuu wetu. Toa maganda yote. Ndiyo yanayoleta mchanga kwenye ulimi. Kutoka kilo moja utabaki na robo tatu hivi.

Kusaga nenda kwenye mashine ya siagi ya karanga. Mwombe mwenyewe aisafishe, na konzi ya kwanza ya kakao ipitishe uitupe, iondoke na mabaki ya karanga. Pitisha mara mbili, hata tatu. Mara ya kwanza inatoka kama vumbi lenye unyevu, unaweza kukata tamaa. Joto la mashine likishayeyusha mafuta inaanza kutoka rojo jeusi linalong'aa. Huna mashine, tumia kinu, ukikiweka karibu na jiko kipate joto, na mchi usipumzike. Blenda ya nyumbani usiiguse, utaua mota. Rojo likiwa bado la moto lidondoshe kwa kijiko kwenye jani la mgomba, kila tone kama gramu 20, liache usiku kucha ligande. Sukari usiweke humo. Kila mnywaji atajiwekea kwa kipimo chake.

Nakuongezea ambalo hukuuliza. Inaniuma kwamba watu wa Kyela, ambao kakao yao inasafirishwa hadi ng'ambo, wananunua kopo la mashudu dukani. Msimu ujao, kabla gunia halijaenda mnadani, mwombe baba atenge kilo mbili zibaki nyumbani. Wajukuu wake waijue ladha ya kitu kinachowasomesha.

Nimesikia kuna tsokolate "eh" na tsokolate "ah". Ni aina mbili za kakao?

Hapana, ni uzito tu. Eh ni kutoka neno la Kihispania espeso, nzito. Ah ni kutoka aguado, ya majimaji. Mwandishi wa Kifilipino José Rizal aliiandika tofauti hiyo katika riwaya yake Noli Me Tangere, iliyochapishwa Berlin mwaka 1887. Humo inasimuliwa habari ya padri ambaye akifika mgeni anayemheshimu humwambia mtumishi alete chokoleti "eh", na akifika asiye na cheo huagiza "ah". Mgeni hajui lugha hiyo, anakunywa maji yenye rangi na kushukuru. Wafilipino, waliotawaliwa na Wahispania, walilielewa fumbo hilo mara moja.

Kwa vipimo: vidonge viwili kwa kikombe cha maji ni eh, kimoja ni ah. Kwangu mgeni yeyote anapata eh.

Batirol sina. Natumia uma, povu halitoki. Nifanyeje? (Msomaji wa Tanga)

Wewe ni mtu wa Tanga na unaniuliza kuhusu uma? Ulizia nyumba za wazee, utapata upekecho. Batirol ni upekecho huohuo wa bibi zetu: mpini mrefu na kichwa kinene, isipokuwa kichwa chake kimechongwa mitaro na mara nyingi kina pete za mti zinazocheza.

Nilifundishwa kuutumia Sharjah, nilipoishi chumba kimoja na akina dada watatu wa Kifilipino. Mkubwa wao, tuliyemwita Ate, yaani dada mkubwa, alitoka Batangas. Siku zake za mapumziko aliamka saa kumi alfajiri. Anachemsha vikombe vitatu vya maji, anadondosha vidonge sita, anapunguza moto na kuviacha vilainike vyenyewe. Hakorogi. Vikishalegea ndipo anazamisha batirol, anaukamata mpini katikati ya viganja na kuupekecha mbele na nyuma, mbele na nyuma, kichwa kikigusa chini kisha kikipanda juu kidogo kuvuta hewa. Mwanzo unasikia maji yanapiga ukuta wa chombo. Dakika tano baadaye ile sauti inazama, inakuwa nzito kama mtu anayeguna, na povu linapanda mpaka shingoni. "Sikiliza," aliniambia, "usiangalie." Mpaka leo napika kwa sikio.

Chombo kiwe kirefu na chembamba. Kwenye sufuria pana hata batirol ya Batangas haitakupa povu.

Yangu ina chengachenga chini na mafuta yanaelea juu. Nimeharibu?

Hujaharibu. Mafuta ni ushahidi kwamba umenunua kitu halisi, na mashapo ni ya kawaida; tikisa kikombe unywe. Mafuta yakijitenga sana, hukupekecha vya kutosha.

Maziwa yanaingia lini? Na tui je?

Tsokolate asili yake ni maji. Wengi kule huongeza maziwa, na wenye bahati huweka ya nyati wa kufugwa, wanayemwita kalabaw, maziwa mazito yenye malai. Yatie mwishoni, kakao ikishayeyuka kwenye maji, na usiyaache yatokote kwa nguvu yakashika chini. Tui zito la nazi moja kwa chombo kizima linapendeza sana, nimelijaribu. Krimu ya unga ya kwenye pakiti usinitajie.

Sukari vijiko vingapi?

Anza na kimoja. Onja.

Rafiki yangu Mfilipino anasema kwao huweka karanga. Mwingine anasema ni uchakachuaji. Nani mkweli?

Inategemea nyumbani ni wapi. Pampanga karanga zilizokaangwa na kusagwa ni sehemu ya mapishi, na zinaleta uzito na utamu wa aina yake. Kwingine muuzaji anajaza karanga ili apunguze kakao, na huo ni wizi. Soma pakiti. Na ukiwakaribisha wageni waambie kabla hawajanywa, wapo watu ambao karanga zinaweza kuwaua.

Tablea zangu zimeota weupe. Nitupe?

Kama ni vumbi jeupe laini lisilo na harufu, ni mafuta ya kakao yamepanda juu. Huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na Dar mwezi wa pili, ndani ya gari lililofungwa, joto hupita hapo. Pika tu. Kama weupe una manyoya na kidonge kinanuka unyevu, huo ni ukungu, tupa vyote vilivyokuwa chombo kimoja. Viwekeni mbali na vitunguu na mafuta ya taa. Mafuta ya kakao yanabeba kila harufu inayopita.

Dada yangu, jirani yetu Mfilipino alitupa uji wa chokoleti na samaki mkavu pembeni. Tulidhani amekosea sahani. (Msomaji wa Mombasa)

Hajakosea, amewapa heshima. Huo uji ni champorado: mchele wa kunata unaopikwa ukavurugika, ukatiwa tablea na sukari, na maziwa yakamiminwa juu mtu anapokula. Jina limetoka Mexico, ambako champurrado ni kinywaji cha chokoleti kilichofanywa kizito kwa unga wa mahindi. Wafilipino wakaweka mchele wao. Samaki ni tuyo, wa chumvi, aliyekaangwa. Unakula kijiko cha uji, unavunja kipande cha samaki, chumvi inaukata utamu na unataka kijiko kingine. Nyie watu wa Mombasa mna ng'onda. Mchagueni mdogo, mwosheni, mkaangeni mpaka alie kama biskuti, kisha mniandikie.

Ni kweli tsokolate inatibu presha na kisukari? Nimetumiwa ujumbe kwenye simu.

Ufute ujumbe huo. Hiki ni kinywaji cha asubuhi, si dawa. Mwenye presha au sukari aendelee na dawa alizopewa hospitali na amuulize daktari wake kuhusu kila anachokunywa, hiki kikiwemo. Natumiwa ujumbe wa namna hii kila mwezi kuhusu mdalasini, kuhusu mlonge, sasa umefika kwenye kakao, na kila mara yupo mtu anayeacha vidonge vyake kwa sababu yake. Tena kakao ina kichangamsho kama kahawa, ingawa kidogo: usimpe mtoto usiku ukamlaumu kwa kutolala. Na mbwa asiipate kabisa, kwake ni sumu.

Inanyweka na nini? Nina wageni Desemba.

Umechagua mwezi wake. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, Wakatoliki wa Ufilipino huenda misa ya alfajiri siku tisa mfululizo, Simbang Gabi, na wakitoka kanisani giza halijaisha hukuta wauzaji wa bibingka, mkate wa mchele na tui unaookwa kwa makaa chini na juu. Anayejua mkate wa kumimina hahitaji maelezo zaidi. Cebu, ambako tsokolate wanaiita sikwate, wanaila na puto maya, wali wa kunata uliopikwa kwa tui na tangawizi, na embe bivu pembeni.

Wageni wako wapikie mkate wa kumimina, usiuzidishe sukari. Embe litakuwa msimu wake. Likate vipande vinene. Vidonge viwili kwa kila kikombe, na uanze kupekecha wakishakaa, maana povu halimsubiri mtu aliye njiani.